Ufunguo wa Stoo ya Karatasi

Daftari la funguo lilikuwa na safu nne: saa, ufunguo, jina na sahihi. Inspekta alilifungua mezani kwake saa mbili asubuhi, akalaza rula chini ya mstari wa kwanza, akaanza kusoma ukurasa baada ya ukurasa kama mtu anayetafuta kunguni kwenye godoro. Kituoni walimwita Mama Faili. Walimcheka kwa hilo, naye alijua kwamba wanamcheka, na hakujisumbua kuwakataza.

Faili hii ilikuwa na umri wa siku tatu. Jumatatu mchana moto ulizuka katika stoo ya karatasi ya kiwanda cha uchapaji, na mtunza stoo alikuwa ndani. Alikuwa na tabia ya kujifungia kwa ufunguo wakati wa kupanga karatasi, ili asisumbuliwe. Walimkuta amelala hatua mbili kutoka mlangoni, ufunguo wake ungali mfukoni, moshi umeshamaliza kazi. Ufunguo wa akiba ulikaa kwa mtunza funguo, mzee aliyekuwa kwenye kidirisha cha getini kwa miaka thelathini na mmoja, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mzee Funguo. Msimamizi wa mitambo ndiye aliyekimbia kwenda kuuchukua. Mzee Funguo aliapa kwamba alimpa. Na wafanyakazi sita walimwona msimamizi amesimama mbele ya mlango wa stoo, ufunguo mkononi, anazungusha na kuzungusha kwa dakika nne nzima, mlango usifunguke. Wengine walipofika na nondo wakauvunja, mtu alikuwa ameshakufa.

Jumamosi iliyotangulia, msimamizi na marehemu walikuwa wamegombana uwanjani. "Siku moja nitakufungia humo humo," msimamizi alisema. Hilo nalo lilisikiwa na watu sita.

Kesho saa tatu faili ilitakiwa iwe mezani kwa mwendesha mashtaka. Kosa lilikuwa kuua kwa kukusudia.

Kabla ya kuketi na daftari, Inspekta alikuwa amepitia mahabusu. Msimamizi alikuwa amekaa sakafuni, viatu bila kamba, macho mekundu.

"Ufunguo ule haukuwa wenyewe," alisema, kwa mara ya ishirini labda.

"Kwa nini hukurudi kuubadilisha? Getini ni hatua hamsini."

"Angekuwa mtu mwingine kanipa, ningerudi, afande. Lakini kanipa Mzee. Yule hajawahi kukosea hata siku moja tangu nimeanza kazi pale. Nikasema kufuli ndilo limeshika kwa joto. Nikawa nalazimisha." Alifunika uso kwa viganja. "Ningemwamini kidogo tu pungufu ya nilivyomwamini, yule bwana angekuwa hai."

"Ufunguo ukaupeleka wapi?"

"Niliutupa. Sijui ulikoangukia."

Hilo Inspekta alishalijua. Mfagiaji alikuwa ameokota ufunguo ukumbini jioni ile, akautumbukiza katika sanduku la funguo za akiba, akaenda zake. Hakuangalia ni upi, na kwa nini angeangalia? Sasa funguo zote kumi na moja zilikuwa sandukuni, kila mmoja unafungua mlango wake bila shida. Ulikuwa umebaki mdomo wa mtu mmoja dhidi ya mdomo wa mwingine, na mmoja wao alikuwa na miaka thelathini na mmoja bila doa.

Ndiyo maana akalichukua daftari. Na ilipofika saa tatu na robo, rula yake ilisimama.

Mpaka tarehe kumi na moja, miezi mitatu nyuma, kila safu ilikuwa imejazwa kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyefundishwa kwa kiboko. Tarehe kumi na mbili na kumi na tatu ziliandikwa na mtu mwingine, aliyemshikia Mzee nafasi akiwa mgonjwa. Kuanzia tarehe kumi na nne mwandiko wa Mzee ulirudi, lakini safu ya kwanza ilikuwa tupu. Hakuna saa. Ukurasa mzima hakuna saa, na uliofuata, na uliofuata, hadi Jumatatu ya moto. Hata mstari wa msimamizi ulikuwa hivyo hivyo: "Stoo ya karatasi, akiba," jina, mkwaruzo wa sahihi, na upande wa kushoto nafasi nyeupe.

Inspekta aliijenga hoja yake taratibu. Saa isipoandikwa, hakuna awezaye kusema ufunguo uliombwa saa ngapi na ukatolewa saa ngapi. Anayetaka kuchelewesha jambo siku moja huanza kujizoesha mapema, ili siku ikifika asionekane kabadilika. Kwa hiyo si msimamizi peke yake aliyekuwa na cha kuficha. Ilikuwa hoja nzuri, yenye miguu na mikono, na haikuwa na ukweli hata chembe. Lakini wakati huo Inspekta hakujua, akavaa kofia yake, akalikwapa daftari, akatoka.

*

Kiwanda kilikuwa kimefungwa mpaka uchunguzi uishe. Mitambo ilikuwa kimya, uwanja mtupu, harufu ya karatasi iliyoungua bado imeganda ukutani. Hakukuwa na mtu wa kuomba ufunguo wowote. Hata hivyo Mzee Funguo alikuwa kwenye kidirisha chake, shati jeupe, kalamu mkononi, kama alivyokuja kila siku saa moja kamili.

"Karibu, mwanangu. Nani kakufungulia geti?"

"Lilikuwa wazi, mzee."

"Lilikuwa wazi!" Alisikitika kwa dhati. "Dunia hii inakwenda wapi?"

Inspekta alikaa kwenye stuli. Alikuwa amebeba chai mbili za maziwa kutoka mgahawa wa ng'ambo ya barabara. Aliamini kwamba mtu mwenye kikombe mkononi husema zaidi ya mtu mwenye mikono mitupu. Akaweka kimoja mbele ya Mzee, upande wa kushoto wa meza, kwa sababu kulia kulikuwa na wino.

"Nieleze unavyotoa ufunguo."

Hapo Mzee aling'aa. "Macho kwenye daftari, mkono kwenye funguo. Kulia naandika, kushoto natoa. Huku chini kuna sanduku la akiba. Sitazami. Mkono unajua wenyewe."

"Kwa nini funguo hazina vibandiko?"

"Vibandiko ni vya watu wenye wasiwasi." Alicheka. "Kila ufunguo una meno yake na mgongo wake. Nimezishika zaidi ya nilivyomshika marehemu mke wangu, Mungu anisamehe."

"Na Jumatatu?"

"Alikuja anahema. 'Mzee, stoo ya karatasi, haraka!' Nikaandika, nikatoa, nikampa. Huo ndio ukweli, hata ukiniamsha usingizini nitausema huo huo. Aliyofanya nao mbele ya mlango, ayajibu yeye."

Inspekta alilifungua daftari alilokuja nalo, akalisogeza mbele ya Mzee. "Mbona hukuandika saa?"

"Nimeandika."

"Angalia vizuri."

Mzee alishusha macho, akapitisha kidole cha kulia kwenye mstari. Kidole kilianzia kwenye neno "stoo" kikaishia kwenye sahihi. "Nimeandika yote. Hii hapa."

"Saa, mzee. Safu ya saa."

"Afande, mimi ni mtu mzima. Nimekwambia nimeandika."

Alikuwa amekasirika kweli, na Inspekta, ambaye kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameona uongo wa kila rangi, alishindwa kuutambua huu. Mwongo hupiga chenga na kubabaika, ama hutia chumvi. Huyu aliutazama ukurasa mtupu na kusema umejaa, na hata mshipa mmoja wa shingo haukumpiga.

Inspekta alikunywa chai yake.

"Na mimi ungeniletea," Mzee alisema, kwa utani wenye lawama. "Au mahojiano ni ya njaa?"

Inspekta alikitazama kikombe. Kilikuwa pale pale alipokiweka, kinatoa mvuke, kiasi cha shubiri moja tu kutoka kwenye kiwiko cha kushoto cha Mzee.

Alianza kumtazama upya, kuanzia kichwani, kwa utaratibu, kama ambavyo angetazama chumba kilichovunjwa. Ndevu upande wa kulia zilikuwa zimenyolewa laini. Shavu la kushoto lilikuwa na vinywele vyeupe vya siku nyingi. Mkono wa shati wa kulia ulikuwa umefungwa kifungo, wa kushoto unaning'inia. Kamba ya kiatu cha kulia imefungwa fundo mara mbili, ya kushoto inaburuta. Akasukuma kikombe taratibu kwenda kulia, na kilipopita katikati ya meza Mzee akakidaka.

"Ahaa! Ulikuwa umekificha."

Hoja yake nzuri ya asubuhi ilianguka pale pale. Inspekta aliinama akalitoa sanduku la akiba, akalifunga kwa utepe wa kielelezo, akalibeba pamoja na daftari.

"Mzee, tunakwenda hospitali."

"Kufanya nini? Mimi sijambo."

"Ndicho ninachotaka daktari aandike."

Mzee alifikiri. Kisha akasimama na kuweka kofia kichwani. "Twende. Waandike kwamba sina kasoro, halafu mniache na kazi yangu." Akatoka mlangoni, na bega lake la kushoto likagonga fremu kwa kishindo. Hakugeuka hata kuitazama.

*

Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa mtu mfupi aliyezungumza na wagonjwa kama wanafunzi waliochelewa darasani. Chumba chake kilikuwa na kitanda, viti vitatu na trei yenye vitu ambavyo Inspekta angetarajia kuvikuta kwa fundi: nyundo ya mpira, pini, pamba, na uma wa chuma unaovuma ukigongwa.

"Nataka kujua kama anaona vibaya," Inspekta alimnong'oneza. "Au amezeeka. Au ananichezea."

"Usiniambie unachotaka. Ukifika kwenye tukio, wewe unaanza na nini?"

"Na kilichobaki salama. Halafu nafuata njia mpaka kilipoharibika."

"Basi kaa hapo, tunafanya kazi moja." Akamgeukia Mzee. "Vua viatu, mzee wangu. Tembea mpaka ukutani, rudi."

Mzee alitembea vizuri. Alikamua vidole vya daktari kwa mkono wa kulia, kisha kwa wa kushoto, mpaka daktari akasema inatosha, vidole anavihitaji. Alisoma herufi ndogo kabisa za ukutani, jicho moja moja. Nyundo iligonga magoti na viwiko. Upande wa kushoto uliruka kidogo zaidi, na daktari akaandika.

"Macho ya kuonea ni mazima," alisema bila kuinua kichwa. "Misuli mizima. Sasa njia za habari. Fumba macho, mzee. Nikikugusa, sema."

Pini ilipita kwenye kidole gumba cha kushoto, cha shahada, mpaka cha mwisho. "Inachoma. Inachoma. Inachoma." Pamba: "Nasikia." Uma wa chuma uliwekwa juu ya fundo la mkono. "Unavuma. Sasa umeacha."

Daktari alimwelekea Inspekta. "Kama mshipa ungekuwa umebanwa kiganjani, vidole vitatu vingekufa ganzi na vingine vikabaki. Kama ni shingoni, ganzi ingeshuka kwa mstari mkononi. Kama ni uti wa mgongo, miguu ingekwisha kusema. Hakuna. Habari inatoka kidoleni, inapanda barabara yote, inafika juu. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo barabara ni nzima."

"Tunakwenda kumwona anayepokea. Mzee, macho yafumbe bado. Nimegusa wapi?" Akagusa mkono wa kushoto.

"Kushoto."

Akagusa wa kulia. "Kulia."

Akagusa yote miwili kwa pamoja.

"Kulia."

"Kulia tu?"

"Kulia tu. Unanijaribu?"

Alirudia mara nne, na mara nne jibu likawa lile lile. Inspekta aliona vidole vya daktari vimekaa juu ya mkono wa kushoto wazi wazi, na mzee anatabasamu kwa uhakika wa mtu anayefaulu mtihani.

Daktari alimwambia afumbue macho na amtazame yeye puani, akachezesha vidole pembeni. Juu kulia aliona, chini kulia aliona, juu kushoto aliona. Chini kushoto daktari alichezesha vidole mpaka mkono ukachoka.

"Una funguo zake?" daktari aliuliza.

Inspekta alilifungua sanduku. Daktari akachagua ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha kulia cha Mzee, macho yamefumbwa tena. Mzee hakuuzungusha hata mara mbili.

"Darini. Ulichongwa upya baada ya paa kuvuja." Ukaja mwingine. "Stoo ya wino, jino la pili limelika." Mwingine. "Ofisi ya meneja. Huu mwembamba, kama mwenyewe." Zote kumi na moja alizitaja, na Inspekta akazihakikisha moja moja kwenye orodha. Hakukosa hata mmoja.

Daktari akaurudisha ufunguo wa dari, safari hii kwenye kiganja cha kushoto.

Mzee aliufinya. Akaupindua. Vidole vilipanda na kushuka juu yake, vikapita kwenye meno, vikarudi.

"Ni wa baridi," alisema.

"Ndiyo."

"Ni chuma."

"Ni kitu gani, mzee?"

Jasho lilianza kwenye paji la uso. "Ni... kitu kigumu." Kisha, haraka, kama mtu anayejiokoa: "Ufunguo. Si mnanijaribu kwa funguo? Ni ufunguo."

Daktari aliutoa, akaweka kijiko. Mzee akasema ni ufunguo. Akaweka kalamu. Mzee akasema ni ufunguo.

Inspekta alisimama. Alijua sasa linalobaki, na alijua ni yeye wa kulifanya. Alivuta meza ndogo mbele ya Mzee, akaweka daftari, akampa kalamu mkono wa kulia, akaliweka sanduku chini upande wa kushoto, kama lilivyokaa getini.

"Fumbua macho, mzee. Sasa fanya kama siku zote. Macho kwenye daftari, mkono kwenye funguo." Akagonga meza kwa ngumi. "Stoo ya karatasi, haraka! Kuna moto!"

Mzee aliandika. Kalamu ilianzia katikati ya ukurasa. Mkono wa kushoto ulishuka sandukuni, ukachakura kwa sekunde moja tu, kwa mazoea ya miaka thelathini na mmoja, ukapanda na ufunguo.

"Huo hapo," alisema, bila kuinua macho, na sauti yake haikuwa na shaka yoyote.

Inspekta aliupokea. Hakuutazama. Aliuweka kwenye kiganja cha kulia cha mzee, akakifunga kwa mikono yake miwili.

Kalamu ilianguka sakafuni na kubingirika mpaka chini ya kitanda. Hakuna aliyeiokota.

"Huu ni wa choo cha wageni," Mzee Funguo alisema.

Daktari akasogea na kuweka kidole juu ya kichwa cha mzee, upande wa kulia, nyuma kidogo ya utosi. "Hapa," alimwambia Inspekta kwa sauti ya chini. "Upande wa kulia wa ubongo ndio unaohudumia mkono wa kushoto. Mahali hapa ndipo mguso unageuka kuwa jina la kitu, na ndipo mtu anapojua kwamba ana upande wa kushoto. Mshipa wa damu uliziba, sehemu ndogo ikafa. Ni kiharusi. Picha ya kichwa itapigwa jioni, itaniambia ninachokijua. Lini, ndiyo siwezi kusema."

"Mimi naweza," Inspekta alisema. "Kati ya tarehe kumi na moja na kumi na nne, miezi mitatu iliyopita."

Mzee aliinua kichwa. "Nilikuwa na homa siku hizo. Nilianguka karibu na kitanda. Nikaamka sakafuni, jua limeshapanda, sijui ni la siku gani. Nikajisemea ni homa tu. Siku ya tatu nikavaa, nikaja kazini."

"Nani alikuwa nyumbani?" daktari aliuliza.

"Nyumbani?" Aliuliza kama mtu aliyeulizwa habari za nchi ya mbali. "Hakuna mtu."

"Jirani?"

"Alihama."

"Angekuwepo mtu wa kula naye meza moja, angekwambia siku ile ile. Mzee, umenyoa shavu moja. Mzee, umevaa nguo nusu." Daktari hakuwa anamkaripia tena. "Mwenyewe huwezi kujua. Sehemu inayojua ndiyo iliyokufa."

Miezi mitatu, Inspekta aliwaza, na kitu pekee duniani kilichomwona mzee huyu akiugua ni daftari ambalo hakuna aliyelisoma. Alijiuliza ni nani angemwambia yeye, jioni anapofungua mlango wake na kuwasha taa ya chumba kimoja. Hakupata jina. Akatoa karatasi ya maelezo.

Alikuwa na jambo gumu la kueleza, na alilieleza wazi, kwa sababu mzee alistahili hivyo. Ripoti ya daktari ilisema mkono ungeweza kukosea. Haikusema kwamba Jumatatu ulikosea. Aliyepokea ufunguo alishasema lake na hakuaminiwa. Aliyebaki ni aliyetoa. Akisimamia maneno yake ya mwanzo, hakimu atamwamini yeye, kama watu wote walivyomwamini.

"Huna lazima ya kuandika chochote," alimalizia. "Unaweza kutaka mwanasheria. Unaweza kulala, ukafikiri."

"Yule kijana yuko wapi?"

"Mahabusu."

"Alilala huko?"

"Siku ya tatu hii."

Mzee Funguo aliutazama ufunguo wa choo cha wageni. Aliuweka juu ya daftari kwa uangalifu. "Akiachiwa, watasema mimi ndiye niliyemwua mtunza stoo."

"Watu watasema. Sheria haitasema. Ulikuwa mgonjwa."

"Mimi nitasema." Aliligusa daftari kwa kidole. "Miaka thelathini na mmoja, mwanangu. Sina kitu kingine. Sina mtoto, sina shamba. Nina hilo tu, kwamba sijawahi kukosea." Nyayo za watu zikapita nje mlangoni, zikaisha. "Andika. Niliombwa ufunguo wa stoo ya karatasi, nikatoa mwingine. Kijana alisema kweli. Andika vizuri, usome kwa sauti, maana sijui tena nisichokiona."

Inspekta aliandika, akasoma kwa sauti. Ilipofika mahali pa sahihi, alishika karatasi, akaisogeza upande wa kulia.

*

Saa kumi jioni, amri ya kumwachia msimamizi ilipigwa muhuri. Mzee, aliyeomba aletwe amwone kijana akitoka, alikuwa kwenye benchi la ukumbi wa kituo, anangoja gari la kumrudisha hospitali kupigwa picha na kulazwa. Daktari alisema alale huko. Inspekta alikuwa amemshukuru zaidi ya ilivyohitajika.

Askari wa zamu alimrudishia msimamizi mkanda na kamba za viatu. Inspekta alimsomea maelezo yote mawili, ya daktari na ya mzee, wakiwa wamesimama kaunta.

"Yuko hapo nje ukumbini," alimwambia. "Kuna mlango wa nyuma ukitaka."

"Kwa nini nipite nyuma? Mimi si mwizi." Msimamizi alikaza mkanda kwa nguvu. "Siku tatu, afande. Mke wangu anapita sokoni watu wanamtemea maneno. Na yule bwana nilimsikia akikohoa ndani ya mlango. Nilimsikia. Nataka nimwangalie Mzee usoni, anieleze."

Alitoka kwa hatua ndefu, Inspekta nyuma yake. Akajibwaga kwenye benchi kando ya mzee, kushoto kwake, mbao zikalia. Alimgeukia, kifua kinapanda na kushuka, mdomo umeshafunguka.

Mzee Funguo alikuwa anatazama mbele. "Afande, ni wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Kijana hajatoka bado? Naogopa gari litakuja kabla hajatoka."

Msimamizi alifunga mdomo. Alimtazama Inspekta, na Inspekta hakusaidia. Akamtazama tena mzee, kwa karibu: lile shavu lenye vinywele, ule mkono wa shati unaoning'inia, kile kiganja kilicholala wazi juu ya mbao kati yao. Hasira ilikuwa bado usoni mwake, lakini haikuwa na mahali pa kwenda. Machozi yakaanza kumtoka, naye hakuyafuta. Akauweka mkono wake katika kiganja kile.

Vidole vya mzee vilijifunga taratibu. Vilipanda kwenye vifundo, vikashuka, vikazunguka kidole gumba, vikarudi, vikitafuta.

"Afande," alisema, kwa wasiwasi. "Kuna kitu mkononi mwangu. Si ufunguo."

"Si ufunguo, mzee."

"Kina joto. Ni nini? Nisaidie."

"Geuza kichwa, mzee. Kushoto. Geuza zaidi."

Mzee aligeuza kichwa, macho yakapita kaunta, yakapita mlango, yakapita ukuta, akazidi kugeuza mpaka akamwona.